Mkono wa Kushoto wa Kocha

Kocha alipiga kwa mkono wa kushoto. Hilo halikuwa jambo dogo kwetu. Mwili huzoea kujikinga na mkono wa kulia wa mpigaji, kwa hiyo kofi lake lilikufikia kutoka upande usioutazamia. Wasichana wapya walilipokea likiwa zima. Sisi wakongwe tulikuwa tumejifunza kupandisha bega la kulia kila alipotukaribia, hata kama alikuja kutusalimu tu.

Sikumjua ujanani mwake, wala sikuwahi kumuuliza kwao ni wapi. Nilimkuta akiwa mtu mzima, mnene wa shingo, akifundisha mpira wa mikono timu ya wasichana katika shule yetu ya kutwa pale Kangemi. Hakuwa mwalimu. Asubuhi alichuna ng'ombe machinjioni Dagoretti, na saa tisa na nusu alasiri alitufikia akiwa na gambuti zake nyeupe ndani ya mfuko wa nailoni, akinukia sabuni ya kipande, na chini ya ile sabuni harufu nyingine ambayo sabuni haikuiweza. Nilimjua kwanza kama kipa wake. Baadaye nilimjua kama msaidizi wake, maana nilisomea ualimu nikarudi kufundisha shule ileile, na mwalimu mkuu akanipa kazi ya kuandamana na timu.

Alinifundisha kudaka mpira kwa kunifunga mikono. Alinisimamisha golini, mikono nyuma, akahesabu hatua nne kutoka nilipo, akaanza kunirushia mpira usoni.

"Ukifunga macho, tunaanza upya," alisema.

Tulianza upya mara nyingi. Siku moja mpira ulinipiga mdomoni, nikatema jino mkononi. Akaja, akalitazama.

"Hiyo ni ya utoto?"

"Hapana, Kocha."

"Basi hutaota ingine. Rudi golini."

Nikarudi. Lakini mazoezi yalipokwisha alinipeleka zahanati mwenyewe, kwa miguu, akinibebea mkoba. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa mpaka nikatoka. Wiki nzima iliyofuata aliniletea supu ya mifupa kwenye chupa ya chai kwa sababu sikuweza kutafuna. Ndivyo alivyokuwa. Aliyekuvunja ndiye aliyekulisha, na sisi, kwa umri wetu, tulidhani hayo ndiyo mapenzi. Wengine wetu tulikuja kuolewa na wanaume wa namna hiyo, tukachelewa kujua tofauti.

Maneno yake tuliyajua kwa moyo. "Goli ni mlango wa nyumba ya mama yako." "Sitaki pole, nataka tena." Na lile alilolisema mara nyingi zaidi, akimwinamia aliyeanguka kwenye saruji na kuchubuka magoti: "Damu ikikauka si damu tena. Ni rangi. Simama."

Alikuwa shujaa pia, siwezi kuficha. Mwaka wangu wa mwisho tulicheza ugenini, tukashinda, na vijana wa mtaa ule wakaamua hatutatoka na kikombe. Mawe yakaanza kunyesha. Kocha alisimama mlangoni mwa basi la shule, mgongo wake ukielekea mawe, akatupitisha mmoja mmoja chini ya kwapa lake kama kuku anayekusanya vifaranga. Kila jiwe lililompata mgongoni lilitoa sauti ya mtu anayepiga godoro. La mwisho lilimpasua kisogo. Aliingia wa mwisho, damu ikimtiririka mpaka kwenye mkanda wa suruali, akahesabu vichwa vyetu. Kisha akampiga kofi nahodha kwa sababu alikuwa ameangusha mfuko wa mipira akikimbia.

Na kuna habari ya ng'ombe. Kocha hakuruhusu mtu kumpiga ng'ombe. Alitusimulia mwenyewe, wakati wa mapumziko, tukiwa tumekaa chini tunanyonya machungwa. "Ng'ombe ukimchapa kabla ya kumchinja, anaingiwa na hofu. Hofu inaingia kwa nyama. Nyama inakuwa nyeusi, inakuwa ngumu. Hakuna mtu atanunua." Machinjioni kulikuwa na kijana aliyezoea kuwasukuma fahali kwa nondo. Kocha alimpokonya ile nondo, akamchapa nayo mgongoni mpaka watu wakamwondoa. Alitusimulia akicheka, nasi tukacheka. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri zaidi ya hapo.

Serikali ilipopiga marufuku kiboko shuleni, walimu waliweka fimbo zao juu ya makabati. Kocha hakuona kama jambo hilo linamhusu.

"Mimi sina kiboko," aliniambia. "Mimi niko na mkono tu, na mkono nilipewa na Mungu."

Kila likizo barua zilikuja za kuwaalika makocha wa shule za sekondari kwenye mafunzo mjini: huduma ya kwanza, lishe, sheria mpya za mchezo, namna ya kukaa na vijana. Mwalimu mkuu alimpa, naye alizikunja akazitia ndani ya viatu vyake vya mazoezi vilivyolowa, zinyonye maji. "Karatasi haidaki mpira," alisema.

Mimi nilikuwa mwalimu, nilikuwa na cheti, na sikuwahi kumwinulia mwanafunzi mkono. Lakini Kocha alipopiga, mimi nilikwenda kuchota maji. Miaka mitatu nilichota maji mengi sana.

Mueni alikuwa kidato cha tatu, winga, mwembamba, mwenye mbio ambazo mpinzani aliziona zikiwa zimeshampita. Mama yake aliuza mboga sokoni Kangemi. Alhamisi moja tulikuwa tukijiandaa kwa nusu fainali, na Mueni akapoteza mpira mara ya tatu mfululizo. Alipogeuka alimkuta Kocha amesimama mbele yake, na kwa hofu akacheka. Ni kile kicheko kinachomtoka mtu asipojua afanye nini na uso wake.

"Unanicheka?"

"Hapana, Ko—"

Nimewahi kusikia makofi yake mengi. Lile lilikuwa na sauti tofauti, kama mfuko wa karatasi uliojazwa pumzi ukapasuliwa. Mueni hakuanguka. Aliinamisha kichwa, akasikiliza, kisha akanitazama mimi.

"Madam, nani anapiga firimbi?"

Hakuna aliyekuwa akipiga firimbi. Uzi mwembamba wa damu ulikuwa ukimshuka kutoka sikio la kulia hadi kwenye kola ya jezi.

Nilimkalisha kivulini. Nilimwekea pamba. Nikamwambia, "Itaisha." Hayo ndiyo maneno yangu, mimi mwalimu, nami nitayajibu siku yangu ikifika. Kocha akapuliza firimbi yake ya kweli na mazoezi yakaendelea.

Haikuisha. Sikio lilitunga usaha, homa ikampanda, na alipofikishwa hospitali ilikuwa wiki ya pili. Daktari alimwambia mama yake kwamba sikio lile limekufa.

Mama Mueni alikuja Jumatatu, alasiri, pamoja na kaka zake wawili ambao kazi yao ilikuwa kubeba magunia sokoni. Hawakupita ofisini. Waliingia moja kwa moja uwanjani tukiwa katikati ya mazoezi.

"Ni yupi?" akauliza mmoja wao.

Mama Mueni akanyoosha kidole.

Walimpiga Kocha kwa utaratibu, kama watu wanaopakia lori. Mmoja alimshika, mwingine akapiga, kisha wakabadilishana. Walimpiga mbavu, wakampiga uso, alipoanguka wakampiga mateke kwenye saruji ileile ambako sisi sote tulikuwa tumeacha ngozi za magoti yetu. Yeye alikuwa na nguvu za kumwangusha fahali. Hakuinua mkono hata mara moja. Wasichana wengine walilia, wawili walishangilia. Mama Mueni alisimama kando, mkoba kifuani, akitazama mpaka mwisho. Mimi pia nilitazama. Sikwenda kuchota maji. Nilisikia utamu mdomoni, pale penye pengo la jino langu, na utamu ule ulinitisha kuliko kipigo chenyewe.

Walipochoka, Mama Mueni alimwinamia.

"Hata sauti yangu sasa anaisikia nusu," alimwambia. "Mimi ni mama yake, na ananisikia nusu."

Akamhamisha Mueni shule. Nusu fainali tulishindwa vibaya.

Ningependa kusema kwamba shule ilimfukuza Kocha. Vikombe vitano ndani ya kabati la mwalimu mkuu vilimtetea. Alipewa sharti moja: mbavu zikipona, aende mafunzo ya makocha mjini, wiki mbili, akirudi bila cheti asikanyage tena uwanjani. Nami nikatumwa naye, nadhani kama mlinzi.

Mafunzo yalikuwa katikati ya jiji, orofa ya nne ya jengo la zamani, katika ukumbi wenye viti vya plastiki na madirisha yaliyotazama mapaa ya maduka. Tulikuwa makocha kama arobaini, wanaume wengi. Mkufunzi alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, mpole wa sauti, asiyerudia jambo mara mbili. Kocha alikaa nyuma kabisa, jicho moja bado la zambarau, mikono amekunja. Siku tatu hakuandika neno.

Siku ya nne mkufunzi alitutaka tuonyeshe, wawili wawili, jinsi tunavyomsahihisha mchezaji. Mmoja awe kocha, mwingine mchezaji. Zamu yetu ikafika. Tukasimama mbele ya watu wote.

"Huyu ni kipa wako," mkufunzi alimwambia. "Amefungwa bao kwa sababu mikono yake iko chini. Msahihishe."

Kocha akanikaribia. Akainua mkono wa kushoto.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa mwalimu, nimevaa sketi nzuri na viatu vya kisigino. Nilijikuta nimechuchumaa sakafuni, bega la kulia limenipanda hadi sikioni, mikono yote miwili juu ya kichwa, nikisema, "Sirudii, Kocha, sirudii."

Nilipofungua macho niliona mkono wake bado uko juu, kiganja wazi, umesimama hewani pale ambapo kiwiko changu kilipaswa kuwa. Alikuwa anataka kunionyesha tu. Hakuwa na nia ya kunipiga.

Mkufunzi hakutoa hotuba. Alinishika mkono akanisimamisha, akaniletea kiti. Kisha akamwambia Kocha, "Unaweza kushusha mkono sasa."

Hakuweza mara moja. Aliutazama kama kitu alichookota barabarani.

Wakati wa chai alinifuata kwenye ngazi. Alikuwa ameshika vikombe viwili na hakunywa chochote.

"Tangu lini unaniogopa hivyo?"

"Tangu fom tuu, Kocha."

"Lakini wewe ulikuwa kipa mzuri. Hukuwa unaogopa mpira."

"Mpira sikuuogopa."

Kule chini magari yalikuwa yakipigiana honi. Sijui nilitoa wapi ujasiri, labda ni ile aibu ya kuchuchumaa mbele ya watu arobaini, lakini nilimwambia: "Ng'ombe ulikataa wapigwe. Ulisema hofu inaingia kwa nyama. Sisi ulidhani inaingia wapi?"

Chai ilimwagika kwenye vidole vyake na hakuonekana kuisikia. Alirudi ukumbini, akaomba kalamu kwa jirani.

Wengi husimulia watu waliobadilika kana kwamba walivua shati. Kocha hakuvua kitu. Alirudi na cheti, akaanza kufanya mazoezi mkono wa kushoto ukiwa mfukoni, na kila alasiri ilikuwa vita kati ya mkono na mfuko. Mara moja msichana alikosa penalti rahisi, nikaona mfuko ukitikisika, kisha Kocha akageuka akaupiga ngumi mwamba wa goli, mara tatu, mpaka kifundo cha kidole kikapasuka. Alifungwa bandeji mwezi mzima. Siku nyingine alimtukana mchezaji matusi ya machinjioni, yale ya kumfanya mtu mzima atafute mlango. Usiku wake sijui ulikuwaje. Asubuhi yake alifika shuleni kabla ya kengele, akamngoja msichana yule langoni, akamwamkia na kumwomba radhi mbele ya wenzake. Msichana akakimbia kwa woga.

Lakini hakuacha tena kusoma. Kila mafunzo yaliyotangazwa alikwenda, na pale ambapo zamani barua zilimkaushia viatu sasa alizitunza ndani ya Biblia. Alijifunza kufunga kifundo kilichoteguka. Alijifunza kumkagua aliyegonga kichwa na kumtoa uwanjani hata kama ni fainali. Mambo ya mwili wa binadamu yalimshinda kwa maneno, ingawa ya ng'ombe aliyajua kwa kisu, kwa hiyo alikaa darasani nyuma na kidato cha kwanza, saa ya biolojia, magoti yamebanwa na dawati. Daftari lake nililiona. Ukurasa mmoja ulikuwa na mchoro wa sikio, umechorwa na kufutwa hata karatasi ikatoboka.

Na tulishindwa. Mwaka mzima tulishindwa. Wazazi wakanong'ona kwamba mzee amelainika. Siku moja, baada ya kufungwa mabao mengi ugenini, nahodha wetu Wanjiku alimwendea, jasho halijamkauka.

"Kocha, tupige tu. Si ndio tulikuwa tunashinda?"

Wenzake walikuwa nyuma yake, wakiitikia kwa vichwa. Nadhani kipigo cha wale kaka wawili hakikumfika mahali ambapo maneno yale yalimfika. Alikaa chini kwenye saruji, mtu mzima yule, mbele ya wasichana kumi na wanne.

"Nani aliwaambia hivyo?"

"Kila mtu anasema."

"Mimi ndiye niliwaambia," akasema. "Miaka yote hiyo nilikuwa nawaambia. Sasa nawaambia ingine. Mtashinda ama mtashindwa, lakini hakuna mtu atawagusa."

Miaka miwili baadaye walianza kushinda tena. Si kama zamani.

Mara ya mwisho kukutana naye vizuri ilikuwa sokoni Kangemi, Jumamosi asubuhi, miaka hiyo ya mwisho kabla sijahamishwa. Alikuwa ameacha machinjio na ameacha timu, nywele zimeota mvi. Alikuwa amesimama kwenye kibanda cha mboga, na aliyekuwa akikata sukuma wiki kibandani alikuwa Mueni, sasa mwanamke mzima, mtoto mgongoni. Nilikuwa sijamwona tangu ile wiki ya pamba.

Kocha alisimama upande wake wa kulia. Alisema jambo, kwa sauti ya chini, kichwa amekiinamisha. Mueni akaendelea kukata. Kocha akachukua fungu lake, akaondoka bila kuniona.

Nilimwendea Mueni kwa upande wa kushoto, nikamsalimu. Alinitambua. Hakutabasamu, lakini hakunifukuza.

"Umemwona?" akaniuliza. "Kila Jumamosi anakuja. Anasimama upande huu ulioharibika, anaomba msamaha, anaenda."

"Unamsikia?"

"Hili lingine si zima? Namsikia, madam. Yeye ndiye anadhani sisikii. Anataka kuniomba msamaha bila mimi kusikia."

"Na wewe humjibu?"

"Siku atakuja upande huu wa kushoto, nitamjibu."

Nilimkimbilia. Nilimpata karibu na kivuko cha Waiyaki Way, mfuko wa mboga mkononi.

"Kocha," nikamwambia, "Mueni anakusikia. Kila Jumamosi amekuwa akikusikia."

Uso wake uliniogofya. Nilidhani atavuka barabara aende zake, na ningemwelewa. Alisimama kwa muda, watu wakimpita na kumgonga mabega. Kisha akageuka.

Nilimfuata kwa mbali. Alizunguka kibanda, akasimama upande wa kushoto, mikono yote miwili nyuma ya mgongo. Mueni akaweka kisu chini. Kocha akasema maneno machache, safari hii kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika.

Mueni alimjibu kwa sauti ya soko zima. Alimwambia juu ya homa, juu ya usaha, juu ya shule mpya ambako walimcheka kwa kugeuza kichwa kama kuku. Alimwambia kwamba mtoto wake akilia usiku, naye amelalia lile sikio zima, hamsikii. "Ulinipiga!" alisema. "Nilikuwa nakuogopa ndio maana nilicheka, na ukanipiga!" Wauzaji wakaacha kupima. Mama mmoja akainuka kwenye kigoda chake kuona vizuri. Mtoto mgongoni akaamka akaanza kulia, Mueni akaendelea juu ya kilio hicho. Kocha hakutazama kando, na hakujitetea.

Alipomaliza, Mueni alifuta mikono kwenye aproni, akachukua kisu chake.

"Nimekusikia," akamwambia. "Na wewe umenisikia. Sasa nenda, na Jumamosi usije tena."

"Sawa, mama," Kocha akajibu.

Jumamosi iliyofuata nilipita pale. Kocha alikuwa upande wa pili wa barabara, ananunua mboga kwa mtu mwingine.